Ng'ombe wa Bazilio, Samadi ya Immakulata

Swali la saba kwenye fomu ya ruzuku ya mtambo wa biogesi, gesi ya kupikia itokayo kwenye samadi, liliuliza: "Una ng'ombe wangapi?" Wiki ile watu wote wa mtaa wetu hapa Makere waliandika "wawili", kwa sababu tangazo lilishasema mwenye chini ya wawili asijisumbue. Hata Esteri, ambaye mnyama pekee nyumbani kwake ni paka, na paka mwenyewe anakula kwa jirani, aliandika wawili. Immakulata Ndayikunda ndiye aliyekuwa na ng'ombe wawili wanaolala zizini kwake kila siku ya Mungu. Akashika kalamu, akafikiri, akaandika: "Hakuna."

Nilimwona, kwa sababu kibanda changu cha kuchaji simu kinatazamana na sufuria yake ya maharage, na fomu aliijazia juu ya meza yangu.

"Mama Kipriani, hapo umekosea," nikamwambia.

"Nimekosea nini? Wanauliza nina ng'ombe wangapi."

"Na wale wanaolia kule nyuma ni nini? Mbuzi warefu?"

"Wale ni wa Bazilio."

Akakunja fomu, akaitia kifuani, akarudi kukoroga sufuria.

Bazilio Niyitegeka anakaa Kibondo. Yeye na marehemu mume wa Immakulata walikuwa marafiki wa kuchangia mpaka jembe, na miaka tisa iliyopita alimragiza rafiki yake ng'ombe. Kuragiza, kwa wewe usiye wa huku, ni hivi: mimi nina ng'ombe wengi, malisho sina, wewe una malisho na mikono. Nakupa ng'ombe umtunze. Maziwa unakunywa. Samadi unamwaga shambani kwako. Ndama ni wangu, ila nikiona umetunza kwa moyo, siku moja nitakuachia mmoja. Karatasi hakuna. Kunakuwa na pombe ya ndizi siku ya kukabidhiana, na mashahidi wawili ambao hata wakilewa hawasahau. Mume alipofariki, Bazilio hakuja kuchukua ng'ombe wake. Alikuja kuzika, akarudi Kibondo. Huku kwetu, kumwita ng'ombe wa namna hiyo "wangu" mbele za watu ni sawa na kutangaza kwamba umeshamla mwenzako.

Halafu kuna habari ya karatasi. Baba yake Immakulata alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na mke, watoto na godoro. Karatasi ya kwanza aliyojaziwa huku, mtu mmoja mwenye huruma alimshauri aseme amezaliwa Kasulu ili mambo yawe mepesi. Mambo hayakuwa mepesi. Familia ile ilikaa miaka na miaka ikihojiwa kabla ya kupata uraia, na kila chumba walichoitwa, ile karatasi ya kwanza ilikuwa imeshafika kabla yao na kukaa mezani. Immakulata alikua akiyaona hayo. Kwa hiyo akishika kalamu, anaandika kama yuko mahakamani.

Na mtambo aliutaka kuliko sisi sote. Anauza maharage ya kuchemsha, sufuria mbili kila siku, tatu siku ya soko. Maharage ya huku ni matamu lakini yana kiburi. Bila saa tatu za moto hayakupi ushirikiano. Moto ni kuni, na kuni ziko mbali, kila mwaka zinasogea. Mwaka juzi aliteleza na mzigo kichwani, akavunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga upande, na daktari akamwambia asibebe tena. Akaanza kununua kuni, na kuni zikaanza kula maharage kuliko wateja. Mvua za mwaka ule zikianza, kuni zikapanda bei kama kawaida yake, sufuria ingefungwa. Hilo alilijua kila mtu aliyewahi kula pale.

Ndiyo maana uliposikika mradi wa mitambo ya biogesi, yeye hakusubiri fomu. Masharti yalikuwa kwamba mwenye nyumba anachimba shimo, analeta matofali, mchanga na kokoto. Mradi unaleta saruji, bomba, jiko na fundi. Mwanawe Kipriani, anayeendesha bodaboda Kibondo, akawa anakuja kila Jumapili, anachimba mpaka jua linazama. Mama mtu anapakua udongo kwa mkono wa kushoto. Ndani ya wiki saba shimo likawa refu kuliko mtu. Wapita njia wakawa na lao.

"Mama Kipriani, hilo kaburi la nani?"

"La kuni. Karibu mazishi."

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya duka la Tamimu, Kasulu mjini. Aliyekuwa anapokea fomu ni kijana wa Tanga anaitwa Lukmani, mpole, mwenye viatu vyeupe. Mtu anayekuja Kasulu na viatu vyeupe ujue bado hajaambiwa chochote kuhusu udongo wetu. Mimi nilikuwa nimemsindikiza mama kwa sababu nilikuwa na betri ya kununua dukani kwa Tamimu.

"Mama, hapa umeandika huna ng'ombe," Lukmani akasema.

"Sina."

"Lakini kwenye picha uliyoambatanisha nawaona wawili."

"Ni wa Bazilio."

"Bazilio ndiye mzee wa nyumbani?"

"Mzee wa nyumbani alifariki. Bazilio ni shemeji, yuko Kibondo. Ng'ombe ni wake, wanakaa kwangu."

Lukmani akaangalia mlangoni, akashusha sauti. "Mama yangu, nikwambie kama mwanao. Futa hapo, andika wawili. Mimi sijaona, na wewe hukuandika."

"Utakuwa umeona, mwanangu. Na mimi nitakuwa nimeandika. Sasa hapo nani hajafanya kitu?"

"Sikiliza, mama. Mtambo unalishwa ndoo mbili za samadi kila siku. Usipolishwa unakufa. Mradi unataka uhakika."

"Uhakika wa ng'ombe au wa samadi?"

"Wa samadi... inayotoka kwa ng'ombe."

"Basi niulize samadi. Samadi ninayo, na ni yangu. Mwenyewe Bazilio hajawahi kuigusa. Ila wewe umeniuliza ng'ombe, nami nimekujibu ng'ombe."

"Fomu haina sehemu ya samadi."

"Basi fomu yenu haijawahi kufika Makere. Iliishia Tanga."

Lukmani akacheka bila kutaka. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango lenye picha ya kisanduku cheupe kama friji, na chini yake maneno "Awamu ya Pili". Immakulata akauliza ni nini.

"Hicho kinageuza gesi kuwa umeme humohumo nyumbani, mama. Hakina moshi, hakina kelele. Ni cha baadaye."

"Cha baadaye kaeni nacho. Mimi nina maharage ya leo."

Baada ya siku kumi fomu ikarudi na muhuri mwekundu: HAJAKIDHI VIGEZO. Akaisoma, akaibandika kwa ugali ukutani juu ya mafiga, mahali pa kalenda.

Majirani wakamwona mjinga. Esteri alikuja kumwambia hivyo ana kwa ana, kwa upendo, huku akiomba kitu.

"Dada, wakaguzi wanakuja Alhamisi," Esteri akasema. "Niazime wale wawili kwa asubuhi moja tu. Nawafunga kwangu, wanahesabiwa, nakurudishia na majani nimewalisha."

"Ng'ombe wa watu siwezi kuwaazima."

"Ee Mungu! Kwani wataisha?"

"Hawataisha. Watadanganya. Wanyama wenyewe hawajui, utawabebesha dhambi bure."

Esteri akaondoka akinung'unika kwa Kiha maneno ambayo siyaandiki. Akaenda kwa Niyubahwe, mzee wa kule chini mwenye ng'ombe wanne, mmoja ana pembe iliyovunjika. Alhamisi ile nilishuhudia ukaguzi wa aina yake. Wakaguzi walianzia kwa Esteri, wakawakuta ng'ombe wawili, mmoja ana pembe moja, wakaandika. Walipokuwa wanakunywa soda kwangu, ng'ombe wale wakapitishwa nyuma ya migomba mpaka nyumba ya pili. Wakaguzi wakafika, wakaandika. Kufikia mchana yule mwenye pembe moja alikuwa amekaguliwa nyumba tatu, na nyumba ya tatu alikuwa amechoka kiasi kwamba alilala kabla ya kuhesabiwa. Mkaguzi mmoja akamwambia mwenzake, "Huku inaonekana kuna ugonjwa wa pembe." Wakauandika na huo.

Mitambo ikajengwa. Mtaa ukapata makuba matatu mapya ya zege, na ng'ombe hakuna. Shimo la Immakulata likabaki wazi, manyunyu ya kwanza yakatuamisha maji ndani, wachekeshaji wakaanza kuulizia kambale.

"Kilo shilingi ngapi, mama?"

"Subiri wakue. Nitakuuzia na midomo yao, wanayo mikubwa kama yako."

Lakini nilimwona jioni anavyohesabu kuni kwa macho, anachomoa moja, anairudisha. Sufuria ya tatu siku ya soko aliiacha. Kisha ya pili akaanza kuipika siku moja, siku moja anaruka.

Kipriani ndiye aliyekwenda kumweleza Bazilio. Mzee akapanda bodaboda ya kijana mpaka Makere, ameshika kofia mkono mmoja na mkono mwingine amemshika Kipriani kiuno. Akakaa kwenye benchi la wateja, akapewa maharage, akala kwanza. Huku kwetu jambo zito halianzi na tumbo tupu.

"Shemeji," akasema, "nimeambiwa unakosa mtambo kwa ajili ya ng'ombe wangu."

"Sikosi kwa ajili yao. Nakosa kwa ajili ya swali."

"Basi andika ni wako. Mimi mwenyewe nakuruhusu. Huyu hapa shahidi," akaninyooshea kidole mimi.

"Siandiki."

"Nimekuruhusu, shemeji!"

"Umeniruhusu leo. Kesho Mungu akikuita, na keshokutwa akiniita mimi, watoto wangu wataikuta karatasi. Itasema ng'ombe ni wa mama. Wataiamini, kwa sababu ni karatasi na mama ndiye aliandika. Wanao wakija kudai, wanangu watawafukuza kwa fimbo, na hawatajua kwamba ni wizi. Wewe unataka niwalee wezi?"

Bazilio akasukuma bakuli kando. Kisha akacheka kicheko kile cha mtu aliyepigwa ngumi na rafiki. "Mume wako aliniambia wewe ni mgumu," akasema. "Nilidhani anajisifu."

Siku hiyohiyo wakaenda wote wawili Kasulu. Sikuwepo, lakini Tamimu alisikiliza kutoka dukani kwake na akasimulia kwa wateja wiki nzima. Mzee wa Kibondo alisimama mbele ya meza ya Lukmani, akasema, "Ng'ombe ni wangu. Samadi ni yake. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akidai samadi ya ng'ombe aliyemragiza mwenzake. Ni sawa na kudai moshi." Lukmani akajibu kwa upole kwamba yeye mzee, kwa kuwa ndiye mmiliki, anakidhi vigezo, na akitaka, mtambo unaweza kujengwa kwake Kibondo. Bazilio akauliza, "Na samadi itapanda gari?" Wakaondoka. Fomu ikabaki ilivyo.

Mambo yalibadilika pale Lukmani alipoambiwa kwamba mgeni rasmi atakuja kuzindua, zimebaki wiki nane. Akapita nyumba kwa nyumba kuona moto. Kwa Esteri akafungua bomba la jiko, akawasha kiberiti, akasubiri. Kiberiti kikamuunguza kidole. Akainua mfuniko wa mtambo akakuta magunzi ya mahindi. Esteri alikuwa ameona ni ghala zuri, panya haingii. Nyumba ya pili, mtupu. Ya tatu, kuku walikuwa wametagia humo.

Akaja kwa Immakulata ametota jasho, na vile viatu vilikuwa vimekuwa na rangi ya Kasulu kabisa.

"Mama, naomba samadi. Ndoo arobaini za kuanzia, nijaze kwa Esteri. Gesi inachukua wiki tatu, tukianza leo tunawahi."

"Samadi ipo."

"Nitakulipa. Sema bei."

"Siuzi."

"Sasa unataka nini, mama?"

"Fomu yangu ile pale ukutani. Iandike samadi."

Lukmani akajikuna shingo. "Siwezi kubadilisha fomu ya mradi."

"Na mimi siwezi kubadilisha ng'ombe wa Bazilio. Tumekaa sawa."

"Mama, elewa. Wageni wakikuta mitambo mitupu, mradi unafungwa. Watu wote hapa mtakosa."

"Mimi nimeshakosa, mwanangu. Nimezoea. Wewe ndiye mgeni hapo."

Nilijifanya natengeneza waya. Lukmani akakaa kwenye benchi, akajaribu upande mwingine. "Basi niambie ukweli. Siku ya ukaguzi, wale ng'ombe kwa Esteri walikuwa wa nani? Nikiwa na jina, Esteri anaondolewa kwenye orodha, nafasi inakuwa wazi, labda nakuingiza wewe."

Hapo nilimwona Immakulata amekasirika kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze. Akaweka mwiko chini.

"Nilikuja kwenu kuomba mtambo. Sikuja kuomba upolisi. Nafasi ya Esteri kaa nayo. Mimi nina shimo langu, nina matofali yangu, nina samadi yangu. Nataka nafasi yangu, na iandikwe kama ilivyo. Hutaki, mrudie Esteri akuchemshie magunzi."

Akaondoka. Siku tatu Lukmani hakuonekana. Siku ya nne mvua ya kweli ikanyesha, kuni zikapanda bei, na Immakulata akapika sufuria moja tu, ndogo. Wateja wakaondoka na bakuli tupu. Nikamwambia, na ninakiri nilimwambia, "Mama, mpe tu hizo ndoo. Labda atakukumbuka baadaye." Akanijibu bila kunitazama, "Wa baadaye wana friji yao ukutani."

Siku ya sita Lukmani akarudi. Alikuwa amezungumza na wakubwa wake kwa simu mara nyingi, na inaelekea mtu mmoja huko juu ni mtoto wa wafugaji. Akaibandua fomu ukutani, na mabaki ya ugali yakabaki nayo. Akaandika kwa mkono chini ya swali la saba: "Samadi ya uhakika, ndoo tatu kwa siku. Ng'ombe ni wa Bazilio Niyitegeka wa Kibondo, wameragizwa kwa mwombaji." Akagonga muhuri juu ya ule mwekundu.

"Soma," Immakulata akasema.

Akasoma.

"Soma tena, polepole. Halafu Bazilio atie sahihi."

"Mama, Bazilio yuko Kibondo! Saa hizi?"

"Lami imefika. Kipriani amekuja leo, atakupeleka."

Akapelekwa. Akarudi jioni amejaa tope la njia ya kwa Bazilio mpaka masikioni, sahihi ya Bazilio mkononi, na kuku wa zawadi ambaye alikuwa hajui amshike wapi.

Fundi akaingia kesho yake. Maji ya shimoni yakatolewa, hatukuona kambale. Kuba likajengwa kwa siku kumi na mbili, likakauka, likajazwa samadi ya zizi lilelile, na Immakulata mwenyewe akikoroga na maji kwa mkono wa kushoto. Wiki ya nne tangu lijazwe akafungua bomba. Moto ukatoka wa buluu, mfupi, hauna hata adabu ya kutoa moshi. Akautazama. Hakulia wala hakupiga vigelegele. Akaenda kuosha sufuria ya pili.

Esteri naye alikuja kuutazama, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuwa analeta ndoo ya kwake kuchota samadi. Immakulata akamwambia aje asubuhi, na aje na fagio la kusafishia zizi.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi aliandikiwa saa nne. Immakulata akabandika maharage saa tatu na nusu, akijua wageni wa namna hiyo na saa zao. Msafara ukaingia saa sita kasoro, magari manne, turubai, kipaza sauti. Mpiga picha akaruka wa kwanza, akachungulia jikoni, akarudi mbio.

"Mama, moto tayari unawaka!"

"Unawaka."

"Uzime kidogo. Mgeni rasmi ndiye anatakiwa kuuwasha. Tunapiga picha akiwasha."

"Siuzimi."

"Dakika moja tu!"

"Maharage ukiyakatia moto katikati yanagoma. Utayachemsha mpaka Krismasi."

Lukmani akafika anahema. "Mama, tafadhali. Mgeni rasmi ametoka Dodoma."

"Dodoma, karibu sana. Wateja wangu wametoka shambani, na wanakula saa saba."

Mgeni rasmi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameshafika mlangoni na amesikia yote. Msaidizi wake akafungua mdomo, yeye akamnyamazisha kwa kiganja. Akainama, akautazama moto chini ya sufuria, akanusa mvuke.

"Bado muda gani?" akauliza.

"Dakika arobaini," Immakulata akasema, akamsogezea kigoda.